Vifurushi Visivyohitajiwa Tena

2 Aprili

Mvua imeingia leo na mama mkwe ameingia leo. Mume wangu amemshusha mlangoni na begi lake, akasema paa la nyumba yake linavuja na mafundi hawawezi kupanda mpaka mvua ikatike. Kisha huyo, kapanda lori lake kaenda zake, na hatarudi mpaka amalize mizunguko yake yote. Hakuna aliyeniuliza. Nimesema karibu mama, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kazini.

Nimeanza shajara hii kwa sababu nahisi nitahitaji pa kupumulia. Sioni tangu utotoni, kwa hiyo naandika kwa kibao cha nukta, natoboa karatasi tundu kwa tundu. Nyumba hii haina mwingine anayejua nukta. Nitasema nitakavyo.

3 Aprili

Niweke wazi habari ya kazi, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Ofisi ya usuluhishi hunitumia rekodi za kesi za wapangaji na wenye nyumba, nami naziandika kwenye kompyuta neno kwa neno. Niko kwenye majaribio. Nimepewa rekodi sita, na mwisho wa Mei msimamizi atasoma zote na kuamua kama wananiajiri au la. Kabla ya hapo nilikuwa mpokea simu wa kampuni moja kwa miaka mingi, hadi walipoleta mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, nami nikapewa mkono wa kwaheri na keki. Kazi hii naitaka kwa moyo wote. Sitaki keki nyingine.

5 Aprili

Chai ya chumvi.

6 Aprili

Nimegundua ilikuwaje. Mkebe wangu wa chumvi ulikuwa na mpira wa kufungia mmoja, wa sukari miwili, wa unga mitatu. Mama mkwe ameivua yote. "Niliona mipira ya bure imezagaa kwenye mikebe," anasema, "nikaona nisafishe." Halafu kile kigoda cha kona ya ukumbi, ambacho mguu wangu hukigusa nikajua hapa napinda, amekipeleka stoo. Kisa hajamwona mtu amekikalia tangu afike.

Nikamwambia, "Mama, kila kitu humu ndani kina kazi yake."

"Basi ungeniambia, mwanangu. Mimi nitajuaje?"

Goti langu limevimba kwa kugonga ukuta.

9 Aprili

Rekodi ya kwanza nimemaliza. Mpangaji anadaiwa kufuga kuku bafuni. Yeye anasema ni kuku mmoja na alikuwa mgonjwa.

Naifanya hivi: nasikiliza, nachapa, kisha Pua ananisomea nilichochapa. Pua ni ile programu ya kusoma kioo kwa sauti. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa kompyuta mji mwingine, ndiye aliyenitengenezea kompyuta hii ya mfumo wa Linux, na Pua akawa humo tangu siku ya kwanza. Anaongea kwa mafua, hana pumzi, hana aibu. Bila yeye kompyuta kwangu ni sanduku la joto tu. Mama mkwe akimsikia anauliza nani huyo anagombana na mkwe wake.

14 Aprili

Mvua. Rekodi ya pili imekwisha. Kichwa kinauma.

17 Aprili

Mnara wa mtandao umezama, wanasema. Intaneti hamna. Simu za kawaida zinakuja na kuondoka. Rekodi zote sita nilishazipakua, kwa hiyo sina wasiwasi.

19 Aprili

Wasiwasi ninao.

Nipige moyo konde niandike yote. Asubuhi kompyuta ililalamika kwamba nafasi imejaa. Nikafikiri: humu mna madirisha ya rangi, picha za ukutani, michezo ya karata, mambo ya wenye macho. Yananihusu nini? Kwenye Linux kila programu huja kama kifurushi, na kifurushi kimoja huweza kuvuta vingine kumi kwa mkia, kwa kuwa peke yake hakitembei. Nikaliondoa lile furushi kubwa la mapambo. Kompyuta ikatii. Kisha ikasema, kwa kinywa cha Pua: vifurushi vifuatavyo vililetwa na mashine yenyewe na havihitajiwi tena, je, nivifagie?

Pua akaanza kuvisoma. Orodha haina mwisho, majina ya ajabu ajabu, herufi na tarakimu. Nikasikiliza, nikachoka. Nikajiambia mashine ndiyo inayojua nani alikuja na nani, mimi nitajifanya najua kuliko yenyewe? Nikabonyeza ndiyo.

Pua akaanza kunitangazia kinachofagiwa. Akasema kinaondolewa hiki, kinaondolewa kile, kinaon.

Basi. Kimya. Nikabonyeza kila kitufe ninachokijua. Nikaizima, nikaiwasha. Feni inavuma, joto lake nalihisi, lakini neno hakuna. Kumbe Pua mwenyewe alikuwa kwenye ile orodha, na laiti ningemwacha amalize, angenisomea jina lake.

Nilikaa pale nimeshika tama nisijue nianzie wapi. Rekodi nne zimebaki. Mama mkwe alikuja na taulo akidhani naumwa. Nilimwambia niache tu, mama, na akaniacha. Wiki mbili zilizopita nilimkasirikia kwa mipira ya mikebe. Leo nimefanya lile lile, kwa kidole changu.

20 Aprili

Kaka amepatikana hewani, kwa mikatiko. Nimemuuliza swali lililonikalia kooni tangu jana: mashine imejuaje kwamba Pua hahitajiwi?

Akasema mashine hutia alama kila kifurushi. Ulichokiomba wewe kwa jina kina alama ya mkono. Kilicholetwa kwa sababu mwenzake anakitegemea kina alama ya yenyewe. Cha mkono hakiguswi mpaka wewe useme. Cha yenyewe, mwenyeji wake akiondoka, kinahesabiwa mzigo. Pua alikuja na lile furushi la mapambo.

"Lakini mimi namhitaji," nikasema. "Namtumia kutwa nzima."

"Mashine haikujui wewe, mdogo wangu. Inajua vifurushi tu. Hukuwahi kumwomba Pua kwa jina."

Nimeishi naye miaka yote hiyo, kumbe kwenye hesabu za mashine alikuwa mgeni wa mtu mwingine.

Kaka anasema nakala za vifurushi huenda bado zipo kwenye ghala la kompyuta, kama sikulisafisha. Pasipo mtandao itabidi nivipachike kwa mkono, kimoja kimoja, na kila kimoja kitanitajia kinamtaka nani kwanza. Enzi zao mafundi, anasema, walifanya hivyo kila siku na walijua kila kilichomo. Kaka akianza enzi zao hamalizi, lakini simu ilimmaliza.

Kuchapa naweza. Kusoma jibu siwezi. Nyumba hii ina macho mawili tu, na yako jikoni.

21 Aprili

Nimemuomba. Ilinichukua asubuhi nzima.

"Kimombo sijui, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshona sare za shule maisha yangu yote."

"Huhitaji kujua, mama. Nitajie herufi tu, moja moja."

Akaenda kuvaa miwani. Akavuta kiti. Nikachapa agizo la kwanza, na mama mkwe akaanza kuisoma kompyuta kana kwamba inamnong'oneza siri: "Di. E. Pi. Sasa kuna kama kijiti kimelala." Mstari mmoja ulituchukua muda wa kuchemsha maharage. Lakini hakosei. Herufi asiyoiona vizuri haitaji, anasogea mpaka pua inagusa kioo.

Ghala lipo. Vifurushi vimo.

23 Aprili

Hiki ndicho nilichojifunza, na kwa kweli kinanifurahisha kuliko inavyostahili. Pua hapachikiki peke yake. Anamtaka mtu wa kumpa maneno. Mtu wa maneno anamtaka mtu wa kutoa sauti. Mtu wa sauti anawataka wawili wengine, na mmoja wao anataka kitabu cha matamshi. Mashine ilikuwa inayapanga haya yote ndani ya muda wa kupiga chafya, nami sikuwahi kujua kuna watu humo.

Majina yalianza kunichanganya. Mama mkwe akaleta kopo lake la vifungo. Kila kifurushi tukakipa kifungo: Pua ni kile kikubwa cha koti, wa sauti ni cha mbao, na kadhalika. Tunavipanga mezani, anayetegemea juu, anayetegemewa chini, nami nikipitisha vidole naisoma familia nzima.

"Huyu wa mbao anategemewa na wote," akasema mama. "Maskini, na yeye hajitangazi."

26 Aprili

Tumekwama kwa wawili wasiosikia la mtu. Huyu hataki kuingia mpaka yule aingie kwanza, na yule hivyo hivyo. Siku nzima.

27 Aprili

Mama mkwe ameuliza, "Kwani lazima wapite mlangoni mmoja mmoja?"

Nikawataja wote wawili kwenye agizo moja. Wameingia. Mama amevifunga vile vifungo viwili kwa uzi, na tumekunywa chai yenye sukari.

29 Aprili

Tumegota. Kitabu cha matamshi hakimo ghalani. Tumepekua mara mbili, herufi kwa herufi. Kuna wakati nilisafisha ghala, kusafisha kwangu kule kule, na hicho kilikwenda. Bila hicho wengine wote wamekaa wamefunga midomo. Lazima tusubiri mtandao.

Mei inaingia na nina rekodi nne mkononi. Maji yamenifika shingoni.

1 Mei

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alisema tu, huku akikunja nguo: "Si unachapa bila kuangalia? Chapa. Mimi nitakusomea ulichochapa."

Nilimwambia ni kazi nyingi. Akasema huko nje ni mvua, atakwenda wapi.

4 Mei

Tunaifanya rekodi ya tatu. Sauti za rekodi zinatoka vizuri. Msomaji ndiye tuliyempoteza. Tunasikiliza wote, nachapa, kisha mama ananisomea, taratibu, kwa sauti yake ya ndani kidogo.

Pua akisoma anasoma kilichopo na kupita. Mama anasimama. "Hapa umeandika 'mlango' umeweka n mbili." Pua hutamka sawa tu ukiweka n moja au mbili, kwa hiyo sikuwahi kujua. "Hapa huyu baba amesema 'sikumwambia', wewe umeandika 'nilimwambia'. Hiyo ni kesi nyingine kabisa." Nikarudisha rekodi nyuma. Ni kweli. Mpangaji yule angeweza kutolewa nyumbani kwa neno langu.

8 Mei

Ya tatu imekwisha. Mama anadai mwenye nyumba ni mwongo na anataka niliandike hilo pembeni. Nimekataa.

12 Mei

Mvua, rekodi ya nne, ugomvi mdogo kuhusu mkato uwekwe wapi. Ameshinda yeye.

15 Mei

Leo nilikwenda stoo kutafuta kigoda, nikakuta hakipo. Nimekikuta kwenye kona ya ukumbi, mahali pake. Sikumuuliza kilirudi lini. Nimeshangaa kwamba sikumbuki mara ya mwisho kugonga goti.

Tukiwa kazini nilimuuliza kwa nini hakuwa akija kwetu kabla ya hapa. Akasema mwanawe humwambia njoo wakati wowote, na wakati wowote si siku.

19 Mei

Rekodi ya tano imekwisha. Naona haya kusema, lakini nimeifurahia.

21 Mei

Mtandao umerudi.

Nilichapa agizo moja tu, nikamtaja Pua kwa jina, nikakaa nimekunja mikono. Mashine ikatafuta kitabu cha matamshi yenyewe, ikakileta yenyewe, ikawaamsha wote waliokuwa wamekaa kimya. Mama alikuwa hajamaliza hata kuvaa miwani. Pua akasema tayari, kwa mafua yake yale yale, na mimi nikapiga makofi ya furaha kama mtoto.

Mama akasema, "Siku zote zile, na kumbe ni hivi?"

Nilimweleza kwamba hapana, kazi yetu haikuwa ya bure, tumejua kilichomo, na Pua sasa ana alama ya mkono, hatafagiwa tena. Nilikuwa nikisema haraka haraka huku nimeshamgeukia Pua. Nikasikia vifungo vinarudi koponi, vichache vichache. Kisha nikasikia nyayo zinakwenda jikoni.

24 Mei

Rekodi ya sita naifanya na Pua. Spidi ya ajabu. Mama anapika na kunyamaza. Mara mbili nimetaka kumwita, nikajiuliza nimwite kwa lipi wakati msomaji yupo.

26 Mei

Nimetuma zote sita. Mvua imepungua. Mume wangu amepiga simu: mafundi wamepanda kwenye paa, na yeye atafika Jumamosi amchukue mama. Mama amesema sawa. Nami nimesema sawa.

29 Mei

Roho juu. Msimamizi hajapiga. Nimefua mapazia yasiyo machafu.

31 Mei

Amepiga leo asubuhi. Nilikuwa sebuleni, simu nimeiweka sauti ya wazi kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni, na mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, akipanga begi. Mume wangu atafika jioni.

"Dada, nitakwambia ukweli," akasema msimamizi. "Ya kwanza na ya pili zina makosa mengi. Ya sita nayo hivyo hivyo, maneno mengine siyo kabisa yaliyosemwa. Kwa hizo peke yake, ningekuaga leo. Lakini ya tatu, ya nne na ya tano, sijawahi kupokea kazi safi namna ile. Nimezipitia mara mbili. Nataka kujua kilichobadilika hapo kati. Uliweka programu gani?"

Nilijikausha mikono kwenye gauni.

"Si programu," nikasema. "Ni mama mkwe wangu. Alikuwa ananisomea."

Chumbani mama aliacha kukunja nguo. Nikajua nimeharibu.

"Yeye anakusomea, wewe unachapa?"

"Ndiyo. Neno kwa neno."

"Basi ya sita irudieni hivyo, mniletee kesho kutwa. Ikiwa kama zile tatu, kazi ni yenu, na mama tutampangia malipo yake. Ikiwa hivi ilivyo sasa, siwezi. Anapatikana, huyo mama?"

Kutoka chumbani mama akajibu kabla yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye simu. "Mwambie mimi ni mgeni tu. Nilikuja kwa ajili ya mvua."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya, na nilikiona vizuri. Alikuja kwa sababu ya paa. Akasoma kwa sababu Pua hakuwepo. Pua aliporudi sikumwambia nenda, nilimwacha ajihesabu mwenyewe, naye amejihesabu na kufunga begi. Miezi miwili ndani ya nyumba yangu, na sijamwomba kitu hata kimoja ambacho mvua au mashine haikunilazimisha.

Nikamwambia msimamizi nitampigia baada ya muda. Nikaenda chumbani, nikashika fremu ya mlango.

"Mama, mvua imekatika."

"Naona."

"Na Pua yupo. Anasoma vizuri tu."

"Namsikia."

"Mimi nakuomba wewe."

Nilisikia mkono wake ukipapasa juu ya begi, ukasimama.

"Kwa ajili ya hiyo kazi?" akauliza.

"Kazi nikiikosa nitalia, sikudanganyi. Lakini wakinikataa kesho kutwa, nitakuja kukuomba ukae vilevile. Ningekuomba tangu siku Pua aliporudi kama ningekuwa na akili. Siku nakutajia: leo."

Alikohoa, kile kikohozi chake cha kununua muda. Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani, na hakuna aliyemkemea.

"Mwanangu atafika jioni na lori," akasema.

"Atakunywa chai, ataondoka nalo."

"Miwani yangu nimeipakia chini kabisa."

Nikasikia zipu inafunguliwa. Akaanza kutoa nguo, moja baada ya nyingine, akinitajia kila moja anapoiweka kitandani.